Nimekata ruta moja vipande vinne kwa VRF ya Linux: kugawa inagawa, ulinzi ujitafutie

Nimekaa na hiki kitu miezi kadhaa saivi kwa hiyo naona naweza kukisema bila ule mzuka wa siku ya kwanza. Kwa asiyejua, VRF ni namna ya kuchukua ruta moja ya chuma ukaifanya iwe ruta kadhaa kwa ndani, kila moja ina jedwali lake la njia na poti zake na haina habari kama kuna wenzake mle mle. VLAN, ile ya kugawa swichi moja iwe mitandao kadhaa, wengi tunaitumia ila inaishia kwenye swichi, paketi zikishafika kwa ruta zote zinakutana kwenye jedwali lilelile, na ruta kazi yake ndo kuunganisha, yenyewe haijui kwamba wewe hukutaka kamera zionane na kompyuta za uhasibu. Unabaki unaandika sheria za fayawoli moja baada ya nyingine, kataa hii, ruhusu ile, na siku ukisahau moja imekula kwako.

Wazo si la jana. RFC 4364 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) ya 2006 ndo iliyolipanga vizuri na kabla yake kulikua na RFC 2547 ya 1999, hapo walikua wanawafikiria watoa huduma wakubwa wenye wateja wengi kwenye ruta moja, wateja ambao kila mmoja amejipa 192.168.1.0/24 na hataki kusikia habari ya kubadilisha. Kwenye Linux VRF iliingia na keneli 4.3 mwaka 2015, walioileta ni mainjinia wa Cumulus Networks. Kabla ya hapo ulikua unahangaika na neimspesi (vyumba vya mtandao ndani ya keneli, nitarudi huko) au unashona kwa mkono sheria za ip rule, zile za kusema jedwali lipi lisomwe lini, mpaka unajichanganya mwenyewe.

Mimi nimeiweka kwenye kikompyuta kisicho na feni chenye poti sita, juu yake Debian na FRR, programu ya kupanga njia, kwa ajili ya OSPF na BGP, lugha ambazo ruta zinaambiana njia. FRR ni ile iliyochipuka kutoka Quagga mwaka 2017, ukiingia kwenye vtysh, sehemu yake ya kuandika amri, unajiona kabisa upo kwenye ruta ya kampuni kubwa. Nilitaka vipande vinne: usimamizi, ofisi, kamera na wageni.

Niseme kwanza kilichonifurahisha maana baadae nitalalamika sana. Kutengeneza VRF ni mistari mitatu tu, haina longolongo:

ip link add kamera type vrf table 30
ip link set kamera up
ip link set eth2 master kamera

Basi, imeisha hiyo. Poti ikishaingia kwenye VRF njia zake zinahama zenyewe kutoka jedwali kuu kwenda jedwali la 30, hugusi kitu. Na kwa kuwa VRF yenyewe inaonekana kama intafesi ya kawaida, unaweza kuiwekea tcpdump moja (programu ya kunasa paketi) ukaona trafiki ya poti zote zilizomo, hiki kitu nakipenda hadi leo, kwenye ruta nyingi nilizopitia kukamata paketi za kipande kimoja tu ni kazi ya kuombea dua. Kwenye FRR unaandika router ospf vrf ofisi na OSPF inaishi humo humo, majirani wa kipande kimoja hawaonekani kwa kingine. Nilifanya jaribio la makusudi, nikaweka 192.168.1.0/24 kwenye kamera na nikaiweka hiyohiyo kwenye wageni, ruta haikulalamika hata kidogo. Kitu pekee kilichokataliwa ni jina, nilitaka kuita mtandao-wa-wageni, kumbe jina la intafesi kwenye Linux mwisho ni herufi 15 na hilo lina 17. Nikaita wageni.

Sasa tuje kwenye maumivu.

La kwanza ni uzembe wangu kabisa simlaumu mtu. Nipo ndani ya ruta kwa SSH, yaani naiendesha kwa mbali, kupitia eth0, nikaona ngoja nihamishie eth0 kwenye VRF ya usimamizi nimalize mapema. Nikabonyeza enta. Kimya. Skrini imeganda, nikabaki naiangalia kama vile itanihurumia. Ukihamisha poti, sesheni zilizokua zinapita hapo zinakatika, na mbaya zaidi SSH inayosikiliza kwenye upande wa kawaida haipokei mtu anayeingia kupitia VRF, kwa hiyo hata ukijaribu kuingia upya hupokelewi. Ikabidi nitafute skrini na kibodi nikapige magoti kwenye kabati la vifaa.

Halafu nikafanya kosa la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilitafuta haraka dawa ya SSH kutopokea nikakuta kuna kitufe kwenye keneli, net.ipv4.tcp_l3mdev_accept, ukikiweka 1 tu mambo yanafunguka. Nikakiweka, SSH ikarudi, nikafurahi nikaenda zangu kulala. Wiki moja baadae nimekaa nimeunganisha simu kwenye waifai ya wageni, sijui nini kilinituma, nikajaribu kuingia SSH kwenye ruta. Ikaniomba nenosiri! Kutoka kwa wageni! Maana kile kitufe hakisemi "pokea usimamizi", kinasema programu yoyote inayosikiliza upande wa kawaida ipokee kutoka VRF zote. Nimejenga kuta nne halafu nimetoboa mlango mmoja kwenye zote. Dawa ya kweli ni kurudisha 0 na kuiambia SSH yenyewe ikae wapi, OpenSSH inaruhusu kuandika ListenAddress 0.0.0.0 rdomain usimamizi na inabaki humo tu, au unaiwasha kwa ip vrf exec usimamizi. Kuna cha UDP pia, udp_l3mdev_accept, angalia vyote viwili.

Ila hilo ni dogo. Lililonitoa jasho ni kamera.

Kamera nilitaka zisitoke nje kabisa, zirekodi kwenye seva yao basi. Kwa akili yangu VRF ya kamera haina njia ya kwenda intaneti, sijaiwekea difoliti (njia ya kila kisichojulikana pa kwenda), kwa hiyo haiwezi kutoka, au sio? Nikachukua laptopu nikaichomeka kwenye poti ya kamera nikapingi nje, hakuna jibu. Nikapingi kompyuta za ofisi, hakuna jibu. Nikaandika kwenye daftari "kamera: salama" na nikapiga mstari chini.

Siku moja nafuatilia tatizo jingine kabisa, nimeweka tcpdump kwenye poti ya intaneti, naona paketi zinatoka kuelekea seva isiyojulikana. Nikafuatilia, zinatoka kwa kamera. Nilihisi baridi.

Ilivyokua ni hivi. Paketi ya kamera ikiingia, keneli inaanza kutafuta kwenye jedwali la 30. Haipati njia. Ungedhani inaitupa, wapi! Inaendelea na sheria inayofuata kwenye ip rule hadi inafika jedwali kuu, na jedwali kuu lina difoliti ya kwenda intaneti, basi inaipitisha bila wasiwasi. Na kwa nini pingi haikujibiwa? Kwa sababu jibu likirudi linatafutwa kwenye jedwali kuu ambalo halijui kamera ziko wapi, linapotelea huko. Yaani njia ya kwenda ipo, ya kurudi haipo. Mimi nimekaa nahesabu majibu ya pingi na kumbe anayetaka kuiba data hahitaji jibu, akitupa paketi za UDP nje zinafika zake. Tangu siku hiyo pingi siihesabu tena kama ushahidi wa kitu chochote. Nikitaka kujua kama ukuta upo nakaa upande wa pili na tcpdump nasubiri kitu kitokee.

Dawa yake ni mstari mmoja na upo kwenye maelezo ya keneli yenyewe, mimi ndo nilikimbilia mifano ya juu juu:

ip route add table 30 unreachable default metric 4278198272

Hiyo namba ndefu nilidhani mtu kalala kwenye kibodi, kumbe ina maana, FRR inaisoma baiti ya juu kama umbali wa kiutawala, kipimo cha njia ipi iaminiwe ambapo namba kubwa ndo dhaifu, na inapata 255, kwa hiyo hii njia ya "hakuna pa kwenda" inakua ya mwisho kabisa na njia yoyote itakayoletwa na OSPF au BGP inaipiku. Weka kwenye kila VRF siku hiyohiyo unayoitengeneza, na IPv6 nayo ina ya kwake, usije ukafunga mlango wa 4 ukaacha wa 6 wazi.

Kuna na ndugu yake. Jedwali la local kwa kawaida linasomwa la kwanza kabisa, namba 0, kabla hata ya sheria ya VRF. Maana yake mgeni akielekeza paketi kwenye anwani ya ruta ya upande wa kawaida inapokelewa kabla VRF haijaulizwa. Unatakiwa sheria yake uishushe hadi 32765. Na hapa nawaomba, ongeza ile mpya KWANZA ndo ufute ya zamani, ukianza kufuta ruta inasahau hata anwani zake yenyewe na utarudi kupiga magoti kwenye kabati kama mimi.

Nikifika hapo nikaona sasa nimemaliza, nikaributi kuhakikisha. Ile mistari ya ip ukiiandika kwa mkono inapotea ukizima, hilo nilijua, nilikua na skripti. Nisichokifikiria ni kwamba poti zinaamka kabla ya skripti yangu, na IP forwarding, ruhusa ya kupitisha paketi kutoka poti moja kwenda nyingine, ilikua imewashwa kwenye sysctl (mipangilio ya keneli), kwa hiyo kwa sekunde kadhaa kila ukiwasha poti zote ziko kwenye jedwali moja na zinapitishiana trafiki kama familia. Ruta ya kugawanywa inayoanza siku ikiwa haijagawanyika, jamani. Nikahamisha kila kitu kwenye systemd-networkd, msimamizi wa mtandao anayekuja na systemd, unaandika faili la netdev lenye Kind=vrf na namba ya jedwali na poti inatajiwa VRF yake tangu mwanzo, halafu forwarding nikaitoa kule nikaiweka iwe kitu cha mwisho kuwashwa. Ikitokea konfigi imekataa katikati basi ruta haipitishi kitu, bora wanipigie simu intaneti haipo kuliko iwepo kwa kila mtu.

Kuhusu wageni ilibidi nibadili kabisa. Wageni wanataka intaneti na wanatumia anwani zilezile za kamera, na hapo NAT inaingia, ile ya kubadili anwani za ndani zitoke na anwani ya nje, na ufuatiliaji wa miunganisho kwenye Linux (conntrack) haujui VRF. Kwake 192.168.1.10 ya huku na 192.168.1.10 ya kule ni mtu mmoja mpaka umtenganishie kwa zoni za conntrack kwenye nftables, fayawoli ya Linux. Inawezekana, nilifanya, ilifanya kazi, ila nilipoirudia baada ya mwezi sikuelewa niliandika nini. Pia paketi kwenye VRF inapita kwenye ndoano za fayawoli mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la poti na ya pili kwa jina la VRF, ukiandika sheria bila kujua hilo unahesabu vitu mara mbili au unaruhusu kwa jina ambalo sio.

Nikaamua wageni waende kwenye neimspesi. Tofauti yake na VRF ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. VRF inatenganisha njia tu, programu zote bado ziko nyumba moja. Neimspesi inatenganisha karibu kila kitu cha mtandao, poti, njia, sheria za fayawoli, conntrack, soketi, hadi mipangilio ya sysctl ya mtandao, na unaweza hata kuipa faili lake la DNS kwenye /etc/netns. Unachomeka waya wa kufikirika, veth, ncha moja ndani nyingine nje, NAT inafanyika mle ndani kabisa na kinachotoka nje ni anwani moja ndogo. Programu inayosikiliza nje haionekani ndani, hakuna kitufe cha kusahau. Kwa watu usiowaamini mimi sasa hivi siwezi tena kutumia VRF peke yake, naenda neimspesi moja kwa moja.

Mtu atauliza kwa nini basi usiweke zote neimspesi. Nilijaribu. Kila kitu unakifanya mara nne, programu ya ufuatiliaji inabidi iwe na nakala kila chumba, na FRR inakutaka uchague, ama zebra, sehemu yake inayoongea na keneli, itumie VRF za kawaida ama uiwashe na --vrfwnetns ndo kila VRF iwe neimspesi, kuchanganya kwenye zebra moja haikubali. Wageni wangu wana njia ya moja kwa moja tu hawahitaji FRR kwa hiyo mchanganyiko wangu unakaa, kwa mwenye mahitaji mengine apige hesabu zake.

Sasa lile neno "salama" ambalo kila anayeuza hivi vitu analiweka mbele. Vipande vyangu vyote vinne viko chini ya keneli moja na CPU moja. Nilirusha iperf3, programu ya kupima spidi, upande wa wageni kwa nguvu zote, ofisi wakaanza kusema mtandao mzito, maana ukuta wa njia hauzuii mtu kumaliza CPU, ikabidi niwawekee wageni kikomo cha spidi kwa tc, amri ya Linux ya kudhibiti trafiki. Bagi ya keneli ikipatikana ni ya wote. bgpd, programu ya BGP ndani ya FRR, ni moja inahudumia VRF zote, ikianguka wanaanguka pamoja. Na mwenye root anaona vyumba vyote, siwezi kumpa fundi wa kamera akaunti inayoishia kwenye kamera.

Hapo ndo unaona ruta za wakubwa zina nini cha ziada. Juniper wana logical systems, hadi 15 juu ya ile kuu, kila moja na mchakato wake wa kupanga njia, na mtumiaji unaweza kumfungia kwenye moja tu asione nyingine. Cisco kwenye Nexus 7000 walikua na VDC, unagawa hadi poti za chuma na kila kipande kina michakato yake. Hizo ni kuta zilizofika juu zaidi kuliko VRF, ingawa nazo chuma ni kilekile na umeme ni uleule. Ukitaka zaidi ya hapo ni mashine pepe tofauti tofauti, kila moja na keneli yake, na kadi ya mtandao yenye SR-IOV, inayojigawa kwa mashine pepe moja kwa moja, ili usipoteze spidi. Ukitaka zaidi ya hapo tena, nunua ruta ya pili, sitanii.

Kwa hiyo nani namshauri aitumie. Kama shida yako ni anwani zinazogongana, au unataka usimamizi ukae pembeni, au idara zako zinaaminiana ila hutaki zionane ovyo, chukua, hutajuta, ni nyepesi na hailipiwi na ukishaizoea kurudi kwenye fayawoli ya mistari mia mbili unaona kama adhabu. Kama unataka kumuweka mtu baki kwenye ruta moja na mifumo ya fedha, neimspesi ndo kima cha chini na hata hapo lala jicho moja wazi. Na kama hujui kutumia tcpdump, jifunze hiyo kwanza, VRF itakusubiri.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibania mpaka siku nitakapotengeneza VRF mpya nikute ile njia ya unreachable imeshawekwa yenyewe, sio niikumbuke mimi.